Chombo cha Kukaa Nacho

Kununua ni jambo la siku moja. Kukaa na kitu ni jambo la umri. Mwenye kununua huuliza bei, rangi na sifa. Mwenye kutaka kukaa na kitu huuliza kitaumwa nini, nani atakitibu, na iwapo yeye mwenyewe atakuwa na nguvu za kukihudumia nywele zake zitakapokuwa nyeupe zote. Maswali hayo watu huyauliza juu ya nyumba na juu ya chombo cha baharini. Ni nadra kuyauliza juu ya gari la mbio, kwani gari la mbio aghalabu hununuliwa kwa hamu na kuuzwa kwa uchovu.

Bwana mmoja, mzaliwa wa Unguja aliyefanya kazi Maskati kwa zaidi ya miaka 30, aliyauliza maswali hayo alipostaafu. Alikuwa amekwisha kusomesha watoto, amejenga, na amehiji. Katika kiinua mgongo chake alitenga fungu moja, akamwambia mkewe kwamba analitaka gari moja tu, la kasi, lenye gia za mkono, na kwamba hatalibadilisha tena mpaka aondoke duniani au macho yamkatae. Mkewe hakumzuia. Alisema maneno machache tu: "Haya, Bwana. Lakini lisije likawa kama jahazi la marehemu baba."

Neno hilo lataka maelezo. Baba yake bwana huyu alikuwa nahodha, na jahazi lake likenda Pemba, Tanga na Mombasa. Alipoanza kuugua hakutaka kuliuza. Alilikweza pwani, akaliezekea makuti, na kila msimu akasema kwamba msimu ujao litarudi majini. Lakini chombo cha mbao hakipumziki kwa kukaa juu ya mchanga. Maji ndiyo yanayozifanya mbao zake zivimbe na kushikana. Jua huzikausha, pamba ya kalafati huchomoka, deheni hupasuka, misumari huliwa na kutu. Jahazi lilipokuja kutakwa tena, mbao zilikuwa zimeachana kiasi cha kupitisha kidole. Halikuzama wala halikupigwa na mwamba. Lilikufa nchi kavu, mbele ya macho ya mtu aliyelipenda kuliko watu wote.

Basi mke alikuwa amesema jambo kubwa kuliko alivyokusudia. Hakuuliza gari litakwenda mbio kiasi gani. Aliuliza iwapo litakwenda.

Mwanawe mkubwa alikuwa na shauri lake. "Baba," alisema, "chukua jipya, lenye dhamana, upumzike." Akamtajia Porsche 911 Turbo S iliyotoka mwaka 2020, ambayo hufikia kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 2.7 tangu kuanza kusimama. Ni kazi ya ajabu ya wahandisi, na hapana sababu ya kuidharau. Walakini barabara kuu za Omani zina kikomo cha kilomita 120 kwa saa, na kamera zake hazilali. Gari la namna hiyo humtumikia mwenyewe kwa muda wa kupumua mara moja, kisha humtaka angoje. Nguvu iliyobaki, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya bei yake, huwa kama nafaka ghalani kwa mtu asiyekuwa na jungu la kuipikia.

Wenye kutunga mashairi wanalielewa jambo hili bila ya kufundishwa na makanika. Mshororo wa mizani 16 haumnyimi mtunzi kitu; humpa ukuta wa kuegemea, na utamu wake ni kuona namna alivyoufikia ukuta huo bila ya kuugonga. Gari la kukaa nalo nalo lataka liwe na ukuta unaofikika. Mwenye nalo aweze kuizungusha injini mpaka mwisho wake, abadilishe gia, asikie sauti ikishuka na kupanda tena, na yote hayo yawe ndani ya sheria na ndani ya uwezo wa mikono yake. Asipolifikia kamwe, atalizoea bila ya kulijua, na kitu kilichozoewa bila ya kujulikana huchosha upesi.

Lipo na jambo la pili kuhusu magari mapya. Sehemu kubwa ya uhai wao imo katika kompyuta na programu, na hivyo haviponi kwa nyundo na bisibisi. Mfano ni NSX ya pili ya kampuni ya Honda, yenye injini ya petroli pamoja na mota tatu za umeme. Ilianza kutengenezwa mwaka 2016 ikakoma mwaka 2022. Ni gari hodari, lakini mwenye kutaka kukaa nalo miaka 25 hapana budi ajiulize ni nani atakayekuwa na betri yake na lugha ya vibao vyake wakati huo. Ahadi ya dhamana ni ya miaka. Haja ya bwana huyu ilikuwa ya umri.

Kwa hiyo akageukia magari ya zamani, na hapo la kwanza kumjia lilikuwa lile lile 911, ila la asili. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963 likiitwa 901, jina likabadilishwa kwa sababu Peugeot walikuwa na haki ya namba zenye sifuri katikati. Injini yake ya silinda sita iko nyuma kabisa, na mpaka mwaka 1998 ilipozwa kwa upepo na mafuta, bila ya rejeta ya maji. Watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulikumbuka. Mwaka 1978 Vic Preston wa pili, Mkenya, alishika nafasi ya pili katika Safari Rally akiendesha 911. Na mwaka 2011 Björn Waldegård wa Uswidi, akiwa na umri wa miaka 68, alishinda mashindano ya magari ya kale ya Safari, yale ya East African Safari Classic, kwa gari la aina hiyo hiyo. Mzee juu ya chombo kizee, katika vumbi na mawe: hapana ushahidi mkubwa zaidi kwamba gari la mbio laweza kudumu likipata mwenyewe.

Vipuri vyake havikuwa taabu kubwa kuvipata, na mafundi wanaolijua ni wengi. Kilichomzuia bwana huyu ni bei. Magari hayo ya kupozwa kwa upepo yamekuwa mali ya kuwekeza. Hununuliwa, hufunikwa shuka, hungojewa yapande thamani. Alilolipenda hakuliweza, na aliloliweza lilikuwa limekwisha kuliwa na kutu. Isitoshe, aliogopa kitu kimoja: kwamba akilipa fedha nyingi hivyo, kila kilomita ingemuuma kama anatoa sadaka asiyoinuia, na mwisho angelifunika shuka kama wenzake. Makuti na shuka ni mamoja.

Ferrari F355 ya miaka ya 1990 ilimvutia kwa sauti na umbo. Alipoelezwa kwamba ili kubadilisha mkanda unaoendesha valvu zake ni lazima injini nzima ishushwe kutoka garini, alicheka akasema kwamba huyo ni mgonjwa asiyeweza kung'olewa jino bila ya kupasuliwa tumbo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, walisema wa kale. Si kwamba F355 ni mti mtupu, la. Ni kwamba uzuri wake hutaka mwenyewe awe na gereji kubwa na mfuko mkubwa, na mfuko wa mstaafu hauongezeki.

Likabaki moja: NSX ya kwanza. Honda waliionyesha Chicago mwaka 1989 na kuanza kuiuza mwaka 1990, na mpaka ilipokoma mwaka 2005 yalitengenezwa magari 18,000 hivi. Bodi yake yote ni ya alumini, jambo ambalo halikuwa limefanywa kabla yake katika gari la kutengenezwa kwa wingi. Injini yake ya silinda sita, lita 3.0 kwa yale ya mwanzo, imewekwa katikati, nyuma ya viti, na huzunguka mpaka mara 8,000 kwa dakika. Fimbo zinazoshika pistoni ni za titani. Ayrton Senna, bingwa wa Brazil, alijaribu gari la mfano katika kiwanja cha Suzuka kabla halijauzwa, akawaambia wahandisi kwamba analiona laini mno; wakarudi kuliimarisha. Gordon Murray, mzaliwa wa Durban aliyebuni McLaren F1, alilifanya kipimo chake, naye mwenyewe akawa na moja kwa miaka.

Lakini si majina hayo yaliyompa uamuzi. Kilichompa uamuzi ni kwamba gari hili lilijengwa na watu waliozoea kutengeneza magari ya kwenda sokoni na kurudi. Mlango hufunguka kwa mkono mmoja. Dereva huona mbele, pembeni na nyuma. Klachi haimuumizi goti. Alumini hailiwi na kutu kama chuma, na Maskati ni mji wa bahari. Hewa yake ya chumvi hula chuma usiku na mchana. Na katika gia ya pili tu, kabla injini haijafika mwisho wa mizunguko yake, mwendo umekwisha kufikia kikomo cha barabara kuu. Ukuta wake unafikika.

Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1993 Honda walikuwa na mpango huko Japani wa kuyapokea magari hayo yaliyochakaa na kuyahuisha. Omani ni mbali na Japani, na bwana huyu hakutaraji kulipeleka lake huko. Ila alipata funzo: walioliunda walidhani kwamba watakuwapo watu watakaotaka kubaki nalo.

Kizuri hakikosi kasoro, na mwenye kutaka kukaa na kitu lazima azijue kasoro zake kwa majina. Mkanda wa injini lazima ubadilishwe kila baada ya miaka kadhaa hata kama gari halikwenda. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana na injini ikaharibika. Mipira ya maji hukauka kwa joto. Vibao vya umeme vya kiyoyozi huvuja vikaoza, na kiangazi cha Maskati bila ya kiyoyozi ni adhabu. Katika sanduku la gia la baadhi ya magari ya mwanzo imo bangili ndogo ya chuma inayoweza kupasuka. Bodi ikigongwa, si kila fundi awezaye kuchomelea alumini. Vipuri vingine vimeadimika. Bwana huyu aliyaandika yote katika daftari, akaanza kukusanya mipira, mikanda na bangili kabla hata ya kulipata gari lenyewe. Mkewe aliviona visanduku vikipangwa stoo akasema, "Wengine hununua mtoto wa ng'ombe kisha kamba, wewe umeanza na kamba." Alikuwa anamtania, lakini hakukosea.

Alilipata la mwaka 1991, lenye usukani wa kushoto, rangi nyeusi iliyofifia juu ya paa. Lilikuwa limekwenda kilomita nyingi, na ndiyo sababu moja ya kulipenda. Gari lililosimama lina maradhi yake: petroli huchacha ndani ya tangi, mafuta ya breki hunywa unyevu, mipira ya kuzuia mafuta hukakamaa, matairi hupata bapa mahali yalipokalia. Lililotembea lina uchovu, lakini uchovu huonekana na hutibika. Maradhi ya kusimama hujificha mpaka siku ya safari.

Likabaki swali ambalo hakuna muuzaji awezaye kulijibu: baada yake, nani? Mtoto wa kiume hakulitaka, na haki yake. Hakuwahi kukanyaga klachi. Aliyelitaka ni binti wa mwisho, aliyejifunza gia za mkono katika gari kuukuu la mjomba wake huko Unguja. Baba alianza kumfundisha kusikiliza injini, si kuendesha tu. Alimwonyesha namna ya kungoja mafuta yapate moto kabla ya kuidai injini nguvu, na namna ya kuacha gia iingie bila ya kuisukuma. Haraka haraka haina baraka, hata ndani ya gari la mbio. Hapo ndipo methali hiyo ina ukweli mkubwa zaidi, kwa sababu anayeliharakisha gari baridi anakula miaka yake.

Katika ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya orodha ya mikanda na mipira, bwana huyu aliandika sharti moja na kulitia saini, kisha akamsomea mkewe na bintiye. Ikipita miezi mitatu mfululizo gari halijatolewa barabarani, kwa maradhi, kwa uvivu au kwa huzuni, basi litatolewa kwa yule awezaye kuliendesha: kwanza binti, na asipoweza yeye, mtu yeyote mwenye mkono mwema, hata kwa bei ya hasara. Binti alisema kwamba sharti hilo ni gumu. Mkewe alilichukua daftari, akaandika jina lake chini kuwa shahidi, akauliza Ijumaa wanakwenda wapi.