Uvimbe wa Titi kwa Mwenye Kisukari

Akina mama wenzangu, tukigusa uvimbe mgumu ndani ya titi wengi husema papo hapo, ni saratani. Kwa mama aliyejidunga insulini miaka mingi huenda siyo. Kisukari cha muda mrefu chaweza kulikaza titi, pengine yote mawili, likafanya uvimbe mgumu usiouma. Madaktari waliuandika mwaka 1984. Haugeuki kuwa saratani, na kuukata si lazima; ukikatwa mara nyingi hurudi.

Shida ni kwamba kwa mkono, hata kwa ultrasaundi, unafanana mno na saratani. Kipimo cha MRI, kile kinachopiga picha kwa nguvu ya sumaku, husaidia. Dawa ikipitishwa mshipani, kwa kawaida saratani huinywa haraka, uvimbe wa kisukari huinywa polepole. Lakini picha peke yake haitoshi. Inabaki sindano ya kuchukua kinyama kidogo kikapimwe maabara.

Na sindano hiyo ndiyo tunayobishania hapa Kagongwa. "Nesi, ukiuchokoza unasambaa," naambiwa, hata na kinamama wa kwaya. Si kweli. Mwenye kisukari naye huongeza kwamba kidonda chake hakitapona. Mimi humwonyesha sindano yenyewe: tundu lake ni dogo, na sukari ikiwa imetulia hupona.

Wapo watakaojibiwa kwamba ni saratani, maana kisukari hakimkingi mtu. Hao Bugando, kule Mwanza, wanatibiwa. Anayekwenda abebe insulini yake na chakula. Barabara ni ndefu.