Mama, Usiache Kuuliza

Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Lakini wengi wetu tukishaolewa na kupata watoto, safari zetu ni za shambani, sokoni, zahanati na kanisani. Nauli ikipatikana inakwenda kwenye daftari za shule. Je, mama wa namna hii hawezi tena kuona na kujua mapya? Sisi wa Ngerengere tunasema anaweza, maana safari nyingi huanza na swali.

Tutazame mto tunaoitwa kwa jina lake. Maji haya yanatoka wapi? Swali hilo linatupandisha hadi milima ya Uluguru, yanakoanzia kama vijito vya baridi. Hushuka na kuingia bwawa la Mindu, wanakopata maji wakazi wengi wa Morogoro mjini. Kisha mto huja kwetu mashariki na kwenda kuungana na Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kumbe anayelima milimani, anayefua huku na anayefungua bomba Dar ni majirani! Ukishajua hivyo, huwezi kumwaga uchafu mtoni kwa moyo mweupe.

Tutazame na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nasi tukapata stesheni yake. Watoto wanatuuliza, "Mama, mbona haina moshi?" Ni rahisi kujibu, "Nyamaza, niache nipike." Lakini tukiwaonyesha ule mkono ulio juu ya paa, unaopokea umeme kutoka kwenye waya, tumewasafirisha bila tiketi.

Sisi wauguzi tunajua pia kwamba swali linaweza kulinda maisha. Mtoto anakojoa damu. Mama mmoja atasema ni mambo ya kukua, atanyamaza. Mwingine atauliza: mbona na wenzake anaooga nao mtoni wanakojoa hivyo hivyo? Huyo amefuata njia ile ile ya wataalamu. Mwaka 1915 mtafiti Robert Leiper, akiwa Misri, alithibitisha kwamba vijidudu vya kichocho hukua ndani ya konokono wa majini, kisha humwingia mtu kupitia ngozi. Dawa yake, prazikwanteli, ni vidonge tu. Lakini kisipotibiwa, kichocho huweza kuharibu kibofu, na kwa wasichana hudhuru hata sehemu za uzazi. Binti akiona damu ataona aibu, ataficha. Nani atagundua, kama si mama mwenye mazoea ya kuuliza kwa upole na kusikiliza jibu hadi mwisho?

Ndiyo maana tunasema udadisi si anasa ya wasomi wala ya wenye magari. Ni sehemu ya malezi. Na tusidhani umri umetupita. Tunao bibi zetu Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama. Wanakumbuka nani alitoka kijiji gani cha mlimani na kwa nini alishuka bondeni. Wakiondoka kabla hatujawauliza, hakuna duka litakalotuuzia habari hizo.

Basi mwezi huu tufanye jambo dogo. Kila mmoja amuulize mzee mmoja swali moja, na ajibu swali moja la mtoto bila kumkatiza. Jibu likikosekana, tuseme, "Tukaulize pamoja." Mtoto aliyezoea kusikia maneno hayo atakuja kwetu hata siku ile anayo la kuficha.