Wanalipa Kariakoo, Wanalala Mbagala

Asubuhi Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, haupitiki. Marobota yanashushwa, mikokoteni inaomba njia, na katikati ya wauza viatu anapita kijana mwenye mashine ya POS. Anabonyeza, kikaratasi chembamba kinatoka, ada ya taka imelipwa. Mama mmoja muuza nguo za watoto aliniruhusu niisome risiti yake: jina la halmashauri, namba ya malipo, kiasi, saa. Kisha akaikunja, akaitia kwenye mkoba wa kiunoni pamoja na nyingine.

"Hapa nalipa kila siku, mwanangu," akasema. "Lakini nalala Mbagala, na kule mtaro umeziba tangu masika."

Maneno yake yakanirudisha kwenye kurasa nilizoandika nilipokuwa Nairobi, kuhusu jiji linavyotumia makusanyo yake.

Lakini kwanza hapa nyumbani: Mbagala iko Manispaa ya Temeke. Risiti ya mama ni ya Jiji la Dar es Salaam, yaani iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Mkoa wa Dar es Salaam, wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, una halmashauri tano: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ina mkurugenzi wake, mweka hazina wake, baraza lake la madiwani na magari yake. Mwenye duka naye hulipa ushuru wa huduma, unaokokotolewa kwa asilimia ya mauzo, pale biashara ilipo. Kwa hiyo soko linalovuta wateja kutoka Kongo, Zambia na Comoro linaingiza fedha kwenye hazina moja, wakati wanaolihudumia wanarudi jioni Mbagala, Kimara na Tandika.

Zamani palikuwa na ngazi ya juu. Halmashauri ya Jiji ya wakati huo, iliyozikusanya manispaa, ilivunjwa na Rais Magufuli Februari 2021. Hoja ilikuwa kwamba haina eneo lake na inaishi kwa michango ya manispaa, huku madiwani wakilipwa posho za vikao. Ni hoja nzito. Posho za kikao kimoja zinaweza kuzibua mtaro mzima. Wala haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1996 Waziri Mkuu Sumaye alilivunja baraza la jiji, na Tume iliyoongozwa na Charles Keenja ikashika usukani hadi 2000. Lakini safari hii ngazi imeondoka na kazi zake zimebaki. Dampo la Pugu Kinyamwezi linapokea taka za mkoa, na mvua ikinyesha, Mto Msimbazi hauulizi mpaka wa Ilala na Kinondoni uko wapi.

Nairobi, yenye watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019, ina serikali moja ya kaunti, gavana wa kuchaguliwa na wadi 85. Ni mfumo ghali: bunge la kaunti, baraza la mawaziri wa kaunti, safari, na madeni ya wazabuni ambayo hayaishi kusemwa magazetini. Mwaka 2020 majukumu muhimu ya kaunti yalihamishiwa serikali kuu, yakaendeshwa na Meja Jenerali Mohamed Badi hadi 2022. Katika soko la Gikomba nilikanyaga tope lile lile la Kariakoo. Hata hivyo, shilingi iliyotozwa Gikomba inaweza kuchimba mtaro katika makazi ya Kayole bila kuomba ruhusa kwa jirani. Tena kila robo mwaka Msimamizi wa Bajeti wa Kenya huchapisha kaunti gani imetumia kiasi gani kwa mishahara, safari na maendeleo, mwaka wenyewe haujaisha. Kwetu Tanzania ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) husomwa Machi au Aprili, na inasema mengi bila woga, ila fedha inayozungumzwa imeshatumika zamani.

Sitaki tuwarudishie madiwani ngazi ya pili ya posho. Ninachokitaka ni mfuko mmoja wa taka na mitaro kwa halmashauri zote tano, ugawiwe kwa kuangalia watu wanalala wapi, si wanauza wapi, na hesabu zake zibandikwe kila robo mwaka kwenye ofisi ya kata, Kariakoo na Mbagala kwa pamoja. Mashine za POS tayari zinajua kila senti imekusanywa saa ngapi na mtaa gani. Kazi ya kuonyesha imetumika wapi haihitaji jengo jipya wala gari jipya la mkurugenzi.

Mama wa nguo za watoto amezihifadhi risiti zake zote.