Kuona na Kujua

Usiku ukungu unapoondoka hapa Magamba, nukta ya mwanga hupita kimya juu ya msitu. Watoto huniuliza kama ni chombo cha wageni wa sayari nyingine. Nikiwajibu kuwa ni setilaiti, huleta swali gumu zaidi: je, setilaiti za kijasusi za mataifa makubwa hazijawaona wageni hao?

Wenye setilaiti hawatuambii yote. Lakini lipo moja tulijualo. Tarehe 7 Oktoba 2008 jiwe kutoka angani lililipuka juu ya jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan, na setilaiti za serikali ya Marekani ziliuona mwako wake. Hata hivyo, mwako ni mwako tu. Lilikuwa jiwe la namna gani? Jibu lilipatikana baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum kutembea jangwani kwa safu, mwezi Desemba, wakaokota vipande vyeusi.

Basi, ndugu msomaji, kuona ni jambo moja na kujua ni jingine. Asemaye kuwa wageni wameonekana, awe serikali au jirani yangu, nitamsikiliza kwa heshima, kisha nitamwuliza: kipande kiko wapi?