Hema, Usingizi na Haki ya Kupumzika

Mtajie Mtanzania neno hema, na akilini mwake watapita watu watatu: mtalii, mwanajeshi na mkimbizi. Mtumishi wa umma hayumo. Mwanafunzi aliyekesha wiki tatu akijiandaa na mitihani naye hayumo. Tumeihesabu kambi kuwa ama anasa ya mgeni, ama amri ya jeshi, ama balaa la vita. Napingana na dhana hiyo kwa sababu gharama yake nimeilipa mwilini mwangu.

Miaka minne iliyopita usingizi ulinihama. Nilisahihisha mamia ya karatasi za mitihani, nikajibu ujumbe wa simu hadi usiku wa manane, kisha nikakodoa macho kitandani hadi adhana ya alfajiri. Rafiki yangu daktari aliniuliza swali moja: mara ya mwisho niliona giza lini? Sikuwa na jibu. Juma lililofuata nilikwenda Morningside, juu ya mji wa Morogoro katika Milima ya Uluguru, nikalala hemani siku mbili. Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu, kwani baridi ya mlimani haina adabu kwa mtu wa Dar es Salaam. Usiku wa pili, saa tatu, nilisinzia kabla ya kumaliza chai. Tangu hapo, kila muhula unapoisha hurudi mlimani.

Hapana muujiza katika jambo hili. Mwaka 2013 Kenneth Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walichapisha utafiti wa watu 8 waliopiga kambi wiki moja bila taa za umeme. Saa zao za mwili zilisogea mapema kwa takribani saa mbili, zikafuatana na kuchwa na kucha kwa jua. Mwaka 2017 walionyesha kwamba siku mbili tu za mwisho wa juma huleta zaidi ya nusu ya badiliko hilo. Idadi ya watu ni ndogo, lakini sababu inaeleweka: jua jingi la mchana na giza la kweli la usiku huufanya ubongo utoe mapema melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Na aliyelala vizuri huyapima mambo kwa utulivu zaidi.

Hata hivyo, hema halitibu sonona. Mwenye sonona anahitaji mtaalamu na dawa zinazopatikana. Wala lisiwe kisingizio cha mwajiri anayemlundikia mtu mmoja kazi ya watu watatu, kisha akamshauri akapunge upepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Likizo ambayo simu ya bosi inamfuata mtu hadi kijijini ni likizo ya kwenye karatasi tu.

Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, hupata maji yake katika milima hiyo ya Uluguru. Tunayanywa kila siku, lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kulala karibu na chemchemi zake? Halmashauri na vyuo vyetu vinaweza kutenga viwanja salama vya kambi, kwa ada ambayo mwanafunzi anaimudu. Vyama vya wafanyakazi navyo vidai ukimya wa simu wakati wa likizo kwa nguvu ileile vinayodai mishahara.