Kwa Mwanangu Unayetafuta Shela

Majengo, Dodoma
Machi 2025

Mwanangu mpendwa,

Mvua zimekuwa za kuridhisha, na mtama wa baba yako kule Mvumi umesimama vizuri. Picha ya shela uliyonitumia nimeipata, na wifi yangu, mama yako, ameniambia umeshaanza kuulizia bei ya kuliagiza kutoka China. Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo hili lina hesabu zake, na nataka uwe na karatasi ya kurudia kusoma utakapokaa na mwenzako.

Usiliagize. Shona hapa Dodoma kwa fundi unayeweza kumfikia mwenyewe, au kodi hapahapa. Huo ndio ushauri wangu, na yaliyobaki ni sababu zake.

Tangu serikali ianze kuhamia kwetu mwaka 2016, maduka ya mashela yameongezeka, na simu nazo zimeleta maduka mengine hadi mkononi. Kule Suzhou, China, kuna mtaa mzima, Huqiu, unaoishi kwa kushona na kuuza nguo za harusi, na wanajua kazi yao. Shida yangu si kazi yao. Shida ni kwamba wao hawajakuona. Gauni la kwenye picha limevaliwa na mwanamitindo mrefu, tena mara nyingi limebanwa kwa pini mgongoni ili likae. Wewe una nyonga za ukoo wetu na kiuno chembamba. Namba ya saizi utakayochagua itakupatia kimoja na kukukosea kingine. Halafu mzigo ukifika kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, ambavyo yule muuzaji hakuviweka kwenye bei aliyokuonyesha. Likikataa kuingia mwilini, utalirudisha kwa nani, na lini?

Nilipokuwa bado nashona, bibi harusi mmoja aliletwa kwangu na mama yake siku mbili kabla ya ndoa, zipu imegoma katikati ya mgongo. Nguo hiyo ya kuagizwa ilikuwa nzuri kweli, shanga zimeshonwa moja moja. Nilitoa zipu yote, nikakata kipande kwenye mkia ili nipate kitambaa cha rangi ileile, nikatengeneza vitanzi pande zote mbili na kupitisha kamba ya satini. Alipendeza. Lakini mkia aliokuwa ameulipia ulibaki nusu, na mama yake alilia kwenye kiti changu mpaka nikamfungia duka apumzike.

Kabla ya kitambaa, maliza suala la nani analipa. Kwetu mara nyingi shela hununuliwa na upande wa bwana harusi, na anayelipa hutaka kuchagua. Mawifi zako wanaweza kuja na shela lao wamelipenda wao, nawe ukavaa kwa kunyamaza. Zungumza na mwenzako mapema, nyinyi wawili, mkubaliane kiasi, kisha yeye ndiye akawaambie dada zake. Na hela ya shela isitegemee michango ya kamati. Ahadi za kwenye kadi huingia wiki ya mwisho, nyingine haziingii kabisa, wakati fundi anataka kitambaa mezani miezi mitatu kabla. Kaka yangu, baba yako, amepokea ng'ombe na mbuzi wa mahari yako kwa heshima. Asije akauza mmoja wao kwa sababu ya mkia wa gauni.

Sasa fikiria siku yenyewe ilivyo. Ibada ni Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, kisha jioni mnakwenda Mvumi kwa wazee, kilomita kama 40, na Septemba kwetu ni upepo na vumbi. Mvua huwa zimekatika tangu Aprili au Mei, ardhi imekauka, na vumbi jekundu hupanda kwenye pindo kabla hujashuka garini vizuri. Mkia wa mita tatu ni wa kwenye zulia. Wewe utatembea uwanjani, utasimama kwenye kivuli cha mkuyu upigwe picha, na bibi zako watakuchezea ngoma ya muheme na kukuvuta ndani ya duara. Ukishika gauni kwa mikono miwili utachezaje? Mwambie fundi aweke kifungo na kitanzi nyuma ili mkia upandishwe na kufungwa baada ya kanisa. Ni kazi ndogo kwake. Veli nayo isiwe ndefu na nyepesi sana. Upepo wa Septemba huifanya bendera, ukavuta nywele pamoja na kitana. Na vumbi likishaingia, msikimbilie maji. Acheni pindo likauke, likung'uteni, pigeni brashi laini, ndipo mfue. Ukilowesha vumbi letu kwenye satini umelipaka rangi.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa Dar huwa hawalijui. Hewa ya kiangazi hapa ni kavu, na satini ya nailoni hunata miguuni kila ukipiga hatua. Dawa yake ni bitana ya pamba. Haionekani kwenye picha, kwa hiyo mafundi wengine huiruka ili bei ishuke. Wewe usikubali irukwe kwa bei yoyote.

Kitambaa unaweza kununua huko kwenu Dar, Kariakoo, chaguo ni pana kuliko kwetu, lakini fuata haya. Uliza upana kabla ya kuhesabu mita, maana kuna cha inchi 45 na cha inchi 60, na sketi ya duara hula tofauti kubwa kati ya hivyo viwili. Mita zote zikatwe kwenye jora moja. Weupe wa jora hili si weupe wa lile, na tofauti itajitokeza juani. Kibebe mpaka mlangoni mwa duka ukiweke chini ya uso wako, mbali na taa zao. Kwa ngozi yako nyeusi iliyokoza, mimi naona weupe wa maziwa utakukaa vizuri kuliko ule mweupe wa karatasi, lakini macho ni yako, amua wewe.

Kuhusu fundi, usimpime kwa gauni alilotundika mlangoni. Mwombe akuonyeshe nguo kwa upande wa ndani. Angalia kama mishono imefungwa, kama ameacha akiba ya kitambaa pembeni ya kuachilia ukinenepa, kama zipu imelala. Fundi mzuri atakushonea kwanza kiwiliwili cha marekani, kitambaa cha bei rahisi, akipime mwilini mwako, akikate na kukirekebisha hapo, ndipo aguse kitambaa chako. Anayesema hahitaji, mshukuru na uende kwa mwingine. Malipo ya awali yasizidi nusu, na sehemu ibaki mkononi mwako mpaka kipimo cha mwisho. Yote yaandikwe: vipimo, mtindo, tarehe, nani ananunua shanga na lesi.

Siku za kupima uje na viatu utakavyovaa siku hiyo na sidiria hiyohiyo. Ukishavaa, usisimame tu mbele ya kioo. Kaa, inua mikono juu, kisha piga magoti, maana kanisani mtapiga magoti na kukaa hivyo kwa muda. Mgongo wa kamba nakupendekezea kuliko zipu. Mabibi harusi wengi hupungua kwa mawazo wiki za mwisho, na kamba hukazwa.

Kukodi si aibu. Nimewaona mabinti wa watu wakubwa wamekodi, na hakuna aliyejua. Ukikodi, kagua kwapani, pindo na zipu, piga picha kasoro zilizopo, na muandikiane nani analipia udobi wa vumbi, kwa sababu Mvumi utakwenda na vumbi utarudi nalo. Kwa sendofu usitafute gauni jingine jeupe. Vaa kitenge kizuri, fedha hiyo mtaihitaji kwenye kodi ya nyumba.

Muda nao usikudanganye. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka mtoe taarifa siku 21 kabla, na mtu huona harusi ni kitu cha wiki tatu. Shela linataka kuanza Juni. Siku hizi treni ya SGR imekuweka takribani saa nne kutoka kwetu. Unaweza kupanda Jumamosi asubuhi, ukapima, ukalala hapa, ukarudi Jumapili.

Mimi macho yangu hayashoni tena shanga, ila nitakupeleka kwa mafundi wawili niliowafundisha na utachagua mwenyewe. Usitume hela ya China kwanza. Zungumza na mkwe wetu, mkubaliane kiasi, kisha unijulishe kabla ya Pasaka Jumamosi gani utakuja. Viatu usisahau.

Shangazi yako