Safari ya kinga mpaka Bujumbura

Mwaka 2012 sisi vijana sita wa Uvira tulipatana kwenda Bujumbura kwa kinga siku ya posho, na kurudi siku ya Mungu. Njia ya Kavimvira na Gatumba ni tambarare, karibu kilometa 30. Tulihesabu yote: pampu, viraka, franka za Burundi, mahali pa kulala. Lakini mwenzetu mmoja hakuwa na karatasi ya kuvuka mpaka. Tukasema: «Abaki, sisi twende.» Mimi vilevile nilisema hivyo, na leo naona haya. Mkubwa wetu akauliza: «Kinga hizi, nani alizitengeneza?» Alikuwa yeye. Tukangoja majuma mawili, tukavuka sita. Rafiki, kabla ya kuhesabu kilometa, hesabu wenzako.